Kantori na Mshahara Wake

Maisha ya Johann Sebastian Bach mnayajua: Eisenach mwaka 1685, Weimar, Köthen, kisha Leipzig, akiwa kantori, yaani kiongozi wa muziki wa kanisa na shule, tangu 1723 hadi kifo chake mwaka 1750. Sitayarudia. Kilichonisimamisha hapa ni dai ninalolisikia mno katika jiji hili la Washington kila kantata inapomalizika: kwamba huyu alikuwa mtumishi wa altare tu, asiyejali fedha wala vyeo, na kwamba makasri ya watawala aliyapitia kwa bahati mbaya. Ushahidi? Herufi S.D.G., yaani utukufu ni wa Mungu peke yake, alizozoea kuziandika mwishoni mwa kantata.

Mtunzi Handel naye aliziandika mwishoni mwa utungo wake Masihi, na alikufa tajiri.

Someni barua ya tarehe 28 Oktoba 1730, ambayo Bach alimwandikia Georg Erdmann, aliyesoma naye, huko Danzig. Naipenda kuliko vipande vyake vingi vya kinanda, wanamuziki mnisamehe. Anaomba atafutiwe kazi kwingine. Pato lake ni kama taleri 700 kwa mwaka, maisha ya Leipzig ni ghali, wakubwa wake hawaujali muziki. Kisha anafika kwenye mazishi, na hapo ndipo barua inaponoga. Sehemu ya pato ilitokana na ada za maziko: watu wakifa kwa wingi, pato hupanda, hewa ikiwa safi, hushuka. Mwaka uliotangulia alikosa zaidi ya taleri 100 kwa kuwa watu wa Leipzig walikuwa na afya njema! Baba wa watoto wengi anapiga hesabu bila haya, na katika barua hiyohiyo anaomba msaada wa Aliye Juu.

Mjomba wangu alifundisha kwaya katika usharika mmoja wa Kilimanjaro, mlima ambao wamisionari wa kutoka Leipzig hiyohiyo waliufikia mwaka 1893. Alipodai posho, wazee walimjibu kuwa thawabu yake iko mbinguni. Akaendelea kufundisha, na kudai.

Wapinzani wangu hunielekeza Maktaba ya Bunge, hapa hapa mjini, panapotunzwa kantata Na. 10, Wimbo wa Mariamu kwa Kijerumani, kwa mkono wa Bach mwenyewe. Iliimbwa mara ya kwanza tarehe 2 Julai 1724. Ajira ilidai muziki uimbwe, haikudai kila mara autunge yeye; hapo wana hoja, nami nawaachia.

Lakini Julai 1733 alipeleka Dresden Kyrie na Gloria, ambazo baadaye ziliingia katika Misa yake kuu, pamoja na ombi la cheo kwa mtawala Mkatoliki, akieleza alivyoonewa Leipzig. Muziki mtakatifu ulisindikiza maombi ya kazi, na sioni dhambi. Cheo cha mtunzi wa kasri kilifika Novemba 1736, akiwa katikati ya ugomvi na mkuu wa shule, Ernesti, juu ya nani ateue viranja wa kwaya. Mwaka uliofuata aliupeleka ugomvi huo kwa mtawala huyohuyo wa Dresden.