Viti vya Wanyonge Vijijini India

Leo tuzungumze habari za India. Huko watu wengi hudharauliwa kwa sababu ya ukoo waliozaliwa. Mwaka 1992 katiba ilibadilishwa. Viti vya halmashauri za vijiji vikatengwa kwa wale walioitwa najisi na kwa makabila ya misituni, kwa kadiri ya idadi yao. Wanawake nao walipewa theluthi. Jamii nyingine zilizoachwa nyuma, kila jimbo liamue.

Ugomvi ukazuka hapo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema viti vya jamii hizo zote visizidi nusu. Jimbo la Maharashtra lilikuwa limezipa jamii za nyuma asilimia 27. Mwaka 2021 mahakama ikauliza: hesabu ya watu hao iko wapi? Haikuwapo! Sensa iliyotangaza hesabu ya koo zote ilikuwa ya mwaka 1931, enzi za Mwingereza. Basi viti vikaondolewa.

Sisi tunaona swali lilikuwa la haki. Lakini ameumia nani? Si serikali iliyokosa kuhesabu, ila mkulima aliyetaka kugombea. Mwaka 2022 tume ilileta hesabu, ndipo viti vikaruhusiwa tena.