Asiyerudi Kliniki Ni Ndugu Yetu

Ndugu wapendwa, tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure nchini Tanzania. Lakini dawa ya bure haimfikii aliyekosa nauli, anayeogopa kuonwa kliniki na jirani, wala aliyedanganywa kwamba amekwisha kuponywa kwa maombi. Anayezimeza kila siku hadi kipimo kisivione virusi hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiziacha, virusi huongezeka tena mwilini.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo itenge nauli, itunze siri, na kwa ridhaa ya mgonjwa imtembelee pasipo kumhukumu. Aliyekosa tarehe yake tumwulize kwa upole kilichomzuia, kisha tumsaidie kukiondoa. Haki yatudai hilo.