Malengo ya Familia Baada ya Uti wa Mgongo Kuumia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na majeraha ya uti wa mgongo, mengi yakitokana na kuanguka na ajali za barabarani. Mgonjwa anapokuwa mtoto, swali la kwanza la wazazi huwa moja: atatembea lini?

Mara nyingi daktari hana tarehe ya kuwapa. Ndiyo maana wataalamu wa utengamao huwashauri wanafamilia waanze na malengo ya wiki hii.

Malengo hayo ni madogo, lakini yana uzito. Mtoto ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ngozi isipate vidonda. Akae kwenye kiti cha magurudumu nusu saa leo, saa nzima wiki ijayo. Ajifunze kuhamia kwenye kiti mwenyewe na, baadaye, kujitoa mkojo kwa mpira safi. Zamu za usiku zisimwelemee mama peke yake. Baba, shangazi na kaka nao wapangiwe.

Mtoto naye aulizwe. Mzazi anaweza kuwaza mazoezi ya miguu, kumbe mwenyewe anataka kurudi darasani kwa wenzake.

Kadiri anavyokua, kiti humbana na mgongo unaweza kupinda, hivyo kliniki haikwepeki na malengo hupangwa upya.

Shule nazo ziandae njia ya mteremko na choo kinachoingilika kwa kiti. Walimu wakuu wasisubiri mtoto afike getini ndipo waite fundi.