Klinka Bado Si Saruji

Tukitaja kiwanda cha saruji cha Kabimba, kando ya Ziwa Tanganyika, tunawaza mifuko. Lakini kabla ya mfuko kuna klinka: mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa tanuruni kwa nyuzi joto 1,450 hivi za Selsiasi. Klinka imekwisha kula moto, umeme na jasho, ila haijengi ukuta mpaka isagwe pamoja na jasi. Jasi ikikosekana au kinu kikisimama, fedha zimelala ghalani. Klinka ikinyeshewa, nguvu yake hupungua. Basi ipimwe kila siku, ifunikwe, na iliyotangulia kuingia itangulie kusagwa. Rundo kubwa la klinka si utajiri. Ni kazi inayosubiri kumalizwa.