Mizani ya Mzee Bomani



Ni desturi kwetu, nyumba inapofanya karamu, kumtaja kwanza mzee aliyeweka misingi yake. Leo Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka 10, nasi tumekutana hapa Mchafukoge, karibu na soko la Kariakoo tunakopeleka mazao yetu. Twapenda kumkumbuka marehemu Mzee Paul Bomani, ambaye sisi wanaushirika twamhesabu kuwa baba wa ukoo wetu.

Mzee Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mwana wa mchungaji wa Kisabato. Mwaka 1947, akiwa kijana wa miaka 22, alishika ukatibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Siku zile mkulima wa pamba alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, akasomewa uzito asioweza kuuhakikisha, kwa kuwa mizani na msomaji wake wote walikuwa wa mnunuzi. Wakulima wakatafuta wapimaji wao wenyewe. Kutokana na jambo hilo dogo vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Mzee akiwa kiongozi wake.

Lakini hatutamtendea haki mzee wetu tukitaja mema peke yake. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika uchaguzi wa ubunge huko kwao, wakati wakulima walikuwa wakinung’unikia makato ya pamba. Mwaka 1966 kamati iliyoteuliwa na Rais ilichunguza malalamiko juu ya vyama. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Mzee hakususa. Aliendelea kulitumikia taifa, hata akawa Balozi wetu nchini Marekani, na aliishi kuyaona hayo yote mpaka alipofariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Ndugu wanachama, mizani ile bado yatuhusu. Kila msimu twailaumu lumbesa, gunia linaloongezwa kilemba ili mkulima apunjwe, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, nasi tunayo aibu yetu. Katika mwaka wa nne wa chama hiki, bibi mmoja mwanachama aliukataa uzito ulioandikwa na karani wetu. Sisi wa ofisini tulimwona msumbufu. Tulipopima upya kwa mizani nyingine, tukakuta yeye ndiye aliyesema kweli. Tulimlipa fedha zake kimya kimya, wala hatukumwomba radhi mbele ya wenzake waliosikia akikemewa. Leo, mbele yenu nyote, twamwomba radhi.

Kwa hiyo twapendekeza kwa mkutano huu kwamba tangu msimu ujao mizani ya kila kituo iwekwe mahali ambapo mwanachama aweza kuisoma mwenyewe, na asiyejua kusoma asomewe na mtu amchaguaye yeye, wala si karani. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemkumbuka Mzee Bomani kwa kazi aliyoianza.

Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema.