"Huyu ni kijana wangu": MCA mpya anapotuletea watu wa ofisi yake

Wadau, uzi wa leo ni maneno niliyozungumza Jumamosi na kikundi cha vijana mtaani. Kuna walioomba maandishi, kwa hivyo nimeyaweka hapa jinsi yalivyotoka, nikipunguza utani tu. Sheria ya uzi ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

Asanteni, hamjambo nyote. Kwanza niwatoe wasiwasi: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si mgombea. Anayengoja ya soda amekosea mkutano.

Nataka tuongee kuhusu mkutano mmoja tu. Uchaguzi Mkuu wetu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ule wa 2027 unaangukia tarehe 10. Siku hiyo mpiga kura hupewa karatasi sita, na ile ya mwakilishi wa wadi ndiyo wengi wetu huipigia bila kufikiria sana, ilhali huyo ndiye atakayekuwa karibu nasi zaidi. Kaunti ni 47, wadi ni 1,450. Sasa, wiki chache baada ya kuapishwa, MCA mpya huitisha mkutano wa kusalimia watu. Kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna kipaza sauti kinachopiga kelele. Akimaliza kushukuru, anawasimamisha watu wake mbele yetu. "Huyu ni kijana wangu. Akisema yeye, nimesema mimi." Tunapiga makofi, tunaenda nyumbani.

Nilihudhuria mmoja wa aina hiyo baada ya uchaguzi mdogo, daftari mkononi. Mheshimiwa alisimamisha watu tisa. Wa kwanza tukaambiwa ni simba wa kampeni. Wa pili alilala nje kwenye baridi akibandika mabango. Wa tatu ni mtoto wa mzee aliyetoa baraka. Nilichora safu tatu kwenye daftari: jina, sifa, kazi. Mbili zikajaa, ya kazi ikabaki tupu. Ndipo mama mmoja akaomba kipaza sauti, akasema: "Hongera mheshimiwa. Sasa maji yakikatika, kati ya hawa tisa nimtafute nani?" Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, akajibu, "Mtafute yeyote, wote ni wangu." Mama akaketi.

Mimi naona lile ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote siku hiyo, na jibu lake lilikuwa la kumfukuza kwa upole. Wacha nijaribu kulijibu.

Ukweli ni kwamba kati ya wale tisa hakuna mwenye kazi ya kufungua maji. Hata mheshimiwa mwenyewe si kazi yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura, achukue maoni yao na kuyafikisha bungeni, na ahudhurie vikao. Kisha inamkataza waziwazi kujiingiza katika kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Yaani akikwambia "nitawaletea barabara", anakuahidi kitu ambacho sheria imempa mtu mwingine. Yeye hupitisha bajeti yenye hiyo barabara, halafu humuuliza waziri wa kaunti kwa nini haijaanza. Hiyo si kazi ndogo! Lakini ni kazi ya kuuliza na kufuatilia, si ya kumwaga changarawe.

Maji, zahanati, chekechea, soko, barabara za kaunti: hizo ziko chini ya gavana na mawaziri wake. Mtu wao hapa chini ni msimamizi wa wadi, ambaye ni mfanyakazi wa umma na haondoki MCA akishindwa. Chifu naye ni wa serikali ya kitaifa. Ukiibiwa mbuzi, huyo ndiye wako, yeye na polisi. Nimeona watu wakizungushwa wiki nzima kati ya hawa watatu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia nani ni nani. Mkutano wa kusalimia ndio ulikuwa mahali pake. Kama ningekuwa mheshimiwa, mtu wa kwanza ningemsimamisha si simba wa kampeni. Ningemwomba msimamizi wa wadi aje asimame hapo, watu wamwone uso.

Sasa turudi kwa wale vijana wa ofisi. Ofisi ya wadi si mali ya mheshimiwa. Inaendeshwa kwa pesa za bunge la kaunti, ambazo ni zetu. Meneja wa ofisi, karani, mhudumu, mishahara yao hutoka huko, na kwa kawaida mkataba wao huisha pamoja na muhula wa aliyewachagua. Kwa hivyo "kijana wangu" ni kweli kwa upande mmoja, maana mheshimiwa ndiye aliyempendekeza. Kwa upande wa mshahara, ni kijana wetu.

Kuna watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba waliohangaika kwenye kampeni nao wale. Sipingi moja kwa moja. Hakuna mtu atamweka ofisini mtu asiyemwamini, na kijana aliyezunguka vijiji vyote miezi sita anaijua wadi kuliko mimi na vitabu vyangu. Shida huanza akifikiri kampeni haijaisha. Anakuja mama na fomu ya basari, kijana anamwangalia, anakumbuka alivaa fulana ya rangi gani mwezi wa saba. Mtoto wa huyo mama anakaa nyumbani. Hapo hatuzungumzii siasa tena, ni mtoto amekosa shule.

Na hesabu yenyewe inatisha kidogo. Rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. MCA hahitaji hiyo nusu. Anahitaji tu kumpita anayemfuata. Wagombea wakiwa kumi, mtu anaweza kuingia na kura tatu kati ya kila kumi. Maana yake, akisimama kwenye lile hema na kusema "watu wangu", saba kati ya kila kumi waliopiga kura walimpigia mtu mwingine. Ofisi ikihudumia waliompigia tu, inafungia nje wengi wa wadi. Tena Katiba, katika kifungu cha 73, inataka maamuzi ya viongozi wa umma yasiongozwe na undugu wala upendeleo, na MCA ni afisa wa serikali kwa maana ya Katiba.

Kitu kingine kidogo ambacho hatukifikirii ni namba ya simu. Kwenye ule mkutano tulipewa namba ya mtu, si ya ofisi. Kijana huyo akikosana na mkubwa wake, na hukosana, anaondoka na laini yake, na ndani yake kuna majina ya watoto wa basari, picha za vitambulisho, vyeti vya kifo vya wazazi. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Mtu akikuomba nakala ya kitambulisho, una haki ya kumuuliza anaipeleka wapi na itakaa kwa nani. Si kiburi kuuliza.

Rafiki yangu aliniambia, wewe unakosoa tu, hebu andika hotuba yenyewe. Nikaandika. Ni hii hapa:

"Wazee wetu, akina mama, vijana, shikamooni na hamjambo. Mmenichagua, na wale ambao hamkunichagua pia mimi ni wenu. Kazi yangu ni kuwasemea bungeni na kuchunga pesa za kaunti. Sina trekta na sina dawa za zahanati. Huyu dada ndiye meneja wa ofisi. Yuko ofisini siku hizi na saa hizi, zimebandikwa mlangoni. Huyu kaka ni karani. Ana daftari. Ukileta shida yako ataiandika, utapewa namba yake, na ukirudi baada ya wiki mbili atakuonyesha tumeipeleka wapi. Fomu zote ni za bure. Yeyote kati ya hawa akikuomba hata shilingi hamsini, niambie mimi, na uiambie Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Ndugu yangu yule pale amekuja kusikiliza kama nyinyi. Hana kazi ofisini."

Haichukui dakika tano. Mnaona daftari? Kwangu hilo ndilo kila kitu. Shida iliyoandikwa na kupewa namba haiwezi kukanwa kirahisi kama iliyosemwa kando ya gari mheshimiwa akiondoka.

Nakubali wadi hazifanani. Nairobi ina wadi 85, na nyingine unaivuka kwa miguu kabla ya chai kupoa. Turkana ina 30 kwenye eneo kubwa ajabu, mtu anaweza kusafiri siku nzima kufika ofisini na akute kufuli. Kule, kujua karani yuko siku gani si anasa. Afadhali aende sokoni na daftari siku ya soko, watu wamkute huko huko.

Nimalizie na maswali yaliyotoka ukumbini, kwa sababu yalikuwa mazuri.

Kaka mmoja aliuliza kuhusu MCA wa kuteuliwa, kama nao wana ofisi ya wadi. Hao huingia kwa orodha za vyama ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na ili vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa wawe na sauti. Hawana wadi moja ya kuwakilisha, ila hakuna kinachokuzuia kumpelekea mmoja wao jambo linalohusu kundi lake.

Dada mwingine akauliza: "Kwetu ofisi imefungwa tangu Machi, tufanye nini?" Andikeni barua kwa karani wa bunge la kaunti, ambaye ndiye katibu wa Bodi ya Huduma za Bunge la Kaunti, spika ndiye mwenyekiti wake. Ulizeni ofisi ya wadi yenu iko wapi, kodi inalipwa kwa nani, wafanyakazi ni akina nani na kazi ya kila mmoja ni ipi. Tajeni kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kujibu. Wekeni sahihi watu kadhaa, si mmoja. Pelekeni nakala mbili, na ile mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe ionekane vizuri.