Nani Atamdhamini Binti Yetu?

(Hotuba iliyotolewa na mwenezi wa chama mbele ya wanachama na wakazi wa Mabibo, Dar es Salaam)



Wengine wenu twawaona mmetoka moja kwa moja Mahakama ya Ndizi, na jasho halijakauka. Kwa hiyo hatutawachosha. Tumekuja na jambo moja tu: mabinti zetu, masomo ya kompyuta, na fedha za kuwasomesha.

Tulifundishwa na wazee wetu kwamba adui wa taifa ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Adui hao hawajafa, wamebadili nguo. Siku hizi mtu aweza kusoma na kuandika vizuri, na bado akawa mjinga mbele ya mashine inayohesabu mshahara wake na kupeleka fedha zake kwa simu hadi kwa mama yake kijijini. Mashine haina akili ya kuzaliwa nayo. Hutii amri ilizoandikiwa, na anayeziandika ndiye mwenye nguvu. Je, waandishi hao wawe wageni peke yao? Na wakiwa wananchi wenzetu, wawe wanaume peke yao?

Wapo wasemao kompyuta si kazi ya mwanamke. Wasemao hivyo hawajui historia. Mwaka 1946, Marekani ilipoonyesha ulimwengu mashine yake kubwa iliyoitwa ENIAC, walioiandalia programu zake walikuwa wanawake sita. Mwaka 1952 mwanamke mwingine, Grace Hopper, alitengeneza programu ya kuisaidia mashine kujipangia maagizo, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkono. Kazi hiyo ilipopata heshima na mshahara mnono ndipo ikaitwa ya wanaume. Na sisi huku, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wanaume wetu nao walichelewa, na hakuna aliyezaliwa anaijua.

Wala mwanamke wa Tanzania si mgeni katika elimu ya juu. Chuo Kikuu chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Julie Manning alisoma sheria katika miaka hiyo ya mwanzo, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Alipewa nafasi, akaitumia.

Sasa tuitazame nafasi iliyopo leo. Benki Kuu ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa masomo kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na ndani yake wasichana wanaofanya vizuri katika hisabati na sayansi wamewekewa sehemu yao. Mwaka 2022 ikaanza Samia Skolashipu kwa wanafunzi, wa kike na wa kiume, waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Fedha hizo ni ruzuku, mwanafunzi hazirudishi. Halafu ipo Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hiyo hukopesha, aliyesoma akipata kazi, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa mpaka deni liishe. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilivimbisha deni ilifutwa mwaka 2021. Mwanachama lazima ajue tofauti ya ruzuku na mkopo, ili asimtishe mtoto bure.

Mtauliza: kwani fedha pekee zamfanya msichana apende kompyuta? La, lakini twawaombeni mfikiri. Mabweni ya Chuo Kikuu yako hapa hapa Mabibo. Mwenye fedha ya malazi hulala karibu na wenzake na kusoma nao usiku. Asiye nayo hupanga chumba mbali, hupanda daladala mbili hadi Kijitonyama yanakofundishwa masomo hayo, na jioni hukimbilia kurudi kabla giza halijaingia. Mwenye fedha hununua kompyuta yake. Asiye nayo huomba ya kuazima, na si kila anayeazimisha huazimisha bure. Binti anayejilipia hana haja ya kumnyenyekea mtu yeyote. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya skolashipu.

Kazi yake ya pili ni neno. Jina la binti likitoka katika orodha ya taifa, baba aliyekuwa akihesabu mahari huanza kuhesabu miaka ya masomo. Jirani huacha kucheka. Na wadogo zake hujua kwamba hisabati si adhabu.

Lakini mlango haufunguki kidato cha sita. Msichana aliyeacha fizikia kidato cha pili, skolashipu haimfikii. Ndiyo maana twasifu kazi ya Apps and Girls, iliyoanza hapa Dar es Salaam mwaka 2013, inayofundisha wasichana wa sekondari kuandika programu wakiwa bado shuleni.

Ndugu zangu, sasa twafika kwenye aibu yetu, na tutaisema hadharani.

Mwaka jana binti mmoja wa mtaa huu, mtoto wa mama muuza ndizi, alipata nafasi ya kusoma sayansi ya kompyuta. Ruzuku hakuipata, kwa kuwa alama zake zilikuwa nzuri lakini si za juu kabisa. Akaomba mkopo. Fomu yahitaji mdhamini mwenye kitambulisho, picha na sahihi. Baba yake amefariki, na mama yake kitambulisho chake kilikuwa bado hakijatoka. Akaja kwetu. Tulikuwa watu kumi na wawili katika kikao, wote na vitambulisho mfukoni. Mmoja akasema, ataolewa, nani atalipa? Mwingine akasema atafikiri. Sisi tunaowahutubia leo, tuliosomeshwa chuo cha ualimu kwa kodi ya wananchi, tukasema tulete jambo hilo kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuja siku nne baada ya dirisha kufungwa.

Binti huyo leo anapanga mikungu sokoni pamoja na mama yake. Hakushindwa mtihani. Sisi ndio tulioshindwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, nayo yapigiwe kura leo. Kwanza, tawi liwe na orodha ya wadhamini waliokwisha kukubali, kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka. Pili, walimu miongoni mwetu wakae hapa ofisini kila Jumamosi msimu wa maombi, wasaidie kujaza fomu na kuhakiki vyeti vya kuzaliwa. Tatu, wasichana wa kidato cha pili wa mtaa huu wapewe masomo ya jioni ya hisabati, bila malipo. Sisi wenyewe tutafundisha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tulidai uhuru kwa kutia sahihi na kulipa ada ya uanachama, watu ambao wengi wetu hatukuwa na viatu. Leo twaombwa sahihi moja kwa ajili ya mtoto wetu.

Karatasi ya wadhamini iko hapa mezani. Jina la kwanza ni letu, tumekwisha kuliandika. Binti yule ataomba tena mwaka huu, na mama yake ameketi pale nyuma. Nani anafuata?